Katoni ya Sabuni Iliyofika Nkwenda

Mkishamaliza kuyaandika maneno ya watu, yanakuwa ya nani? Mzee Tumwine, mfugaji wa Nkwenda, aliniuliza hivyo katika likizo ya mwaka 1990. Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, nikikusanya maneno ya kamusi ya Kinyambo, lugha ya huko, kwa moyo wangu wote.

Mwaka uliofuata nilipanda basi kurudi kwake na kadi elfu moja na mia nne, kila moja ikiwa na neno na maana yake, zote ndani ya katoni ya sabuni. Nakala nyingine sikuwa nayo. Basi liliposimama Omurushaka, mji wa njiani, nilishuka kumsalimu shangazi. Niliporudi kituoni, basi lilikuwa limeondoka na mzigo wangu. Wakala wa basi alinieleza kwa utulivu kwamba katoni za sabuni hushushwa Nkwenda, dukani kwa Elpidius. Na dukani, miaka ile, karatasi ilikuwa ya kufungia chumvi. Kesho yake nilipanda lori la kwanza, nikiiacha chai ya shangazi mezani.

Nilimkuta Elpidius akiandika juu ya kaunta, na kando yake Mzee Tumwine ameketi kwenye gunia la maharage. Katoni ilikuwa wazi, imejaa. Niliwaamkia.

"Marahaba. Dada, sabuni yako haitoi povu," Elpidius alisema.

Alikiri kwamba alikuwa amefungia chumvi kwa kadi moja kabla hajaitazama. Mama aliyenunua chumvi hiyo aliirudisha kadi asubuhi hiyo, akilalamika kwamba maana iliyoandikwa ilikuwa pungufu. Tangu hapo kila mteja alisomewa kadi kadhaa, naye hakukosa la kuongeza.

Mzee alinipa kadi ile, ingali na chembe za chumvi.

"Umeandika kwamba ekyanzi ni chombo cha maziwa. Mjukuu wangu, hata sufuria ya mke wangu ni chombo cha maziwa."

Nyuma ya kadi, kwa mwandiko wa Elpidius, palisomeka: huchongwa kwa mti, hufukizwa kwa moshi wa nyasi, hufunikwa kwa kifuniko cha kusukwa. Nilikaa kwenye gunia jingine, nikicheka huku nikifuta macho.

Nilipotulia, niliwageukia wazee wawili hao na wateja waliokuwa mlangoni.

"Mzee, uliniuliza maneno haya yatakuwa ya nani. Kamusi hii haitauzwa. Nakala moja itakaa hapa dukani, asiyeridhika airekebishe, anayeitaka ainakili bure. Naanza kuiandika nakala hiyo leo."