Diski ya Nyuma Imegoma

Upande mmoja wa gereji yaliingia magari. Upande wa pili palikuwa na chumba cha fundi wa viti, mke wa mwenye gereji, ambaye watu wote walimwita Mama Viti. Katikati palikuwa na ukuta wa mabati wenye dirisha lisilo na kioo. Akiwa amekaa kwenye cherehani yake, Mama Viti aliyaona mambo yote ya upande wa pili, na asiyoyaona aliyasikia.

Mumewe walimwita Jeki, kwa sababu ujanani aliwahi kunyanyua kona ya gari kwa mikono mitupu mwenzake akachomoa mguu uliobanwa. Alikuwa mtu mzito, asiye na maneno mengi. Ndiyo maana Mama Viti alishtuka siku alipomsikia akicheka gereji, kicheko kirefu cha mtu aliyesahau kazi. Aliinua kichwa, akamwona yuko chini ya gari pamoja na fundi mpya wa breki.

Fundi huyo alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Kiduchu. Wateja walipokuja mara ya kwanza walimwuliza fundi yuko wapi. Walipokuja mara ya pili walimwulizia yeye. Alimwita Jeki kaka, na Mama Viti alimwita wifi. Mama Viti aliitikia vizuri tu, lakini moyoni alikuwa akijisemea: wifi wifi, na huku taa unazima.

Nyumbani mambo hayakuwa nafuu. Jeki alikuwa akila huku anamsifu Kiduchu.

"Yule ana sikio, mke wangu. Anaisikia pedi ya breki iliyokwisha kabla gari halijaingia getini."

Mama Viti alimwongezea mchuzi bila kuombwa, nusu ukamwagikia mezani.

"Hata mimi nasikia," alisema.

"Unasikia nini?"

"Kula."

Wivu ulimkaa kama mfupa wa samaki kooni, haumezeki wala hautemeki. Aliwachunguza wale wawili kwa wiki kadhaa na hakuona jambo la kumshika mtu nalo. Hakuna aliyemgusa mwenzake, hakuna aliyebaki nyuma wengine wakiondoka. Lakini kutoona kitu hakukumpoza. Kilichomchoma kilikuwa kidogo zaidi ya hapo: Jeki alimpa Kiduchu spana bila kuuliza ni ya ngapi. Walielewana kwa macho. Yeye na mumewe walikuwa na watoto wakubwa wanaojitegemea, na bado akitaka chumvi ilibidi aitaje.

Basi asubuhi moja mkunga wa mtaa ule akaleta gari lake. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa linashika moto na kunuka, na alilihitaji gari kabla ya jioni akamchukue mama yake hospitali. Tena kiti cha dereva kilikuwa kimechanika, akaomba kipimwe kabisa.

Kiduchu aliliweka gari mahali pake, akayazuia magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao, akaachia handbreki ili isiyashike magurudumu ya nyuma, kisha akaenda kumsaidia Jeki kuvuta jeki kubwa. Mama Viti akaingia ndani ya gari na futikamba yake. Alipima mgongo wa kiti, akapima kikalio, akaandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa. Nyuma ya gari wale wawili walikuwa wakija, Kiduchu akisema jambo, Jeki akicheka tena kile kicheko.

Mama Viti alitazama handbreki iliyolala karibu na goti lake. Akabonyeza kitufe kwa kidole gumba ili isilie, akaivuta juu mpaka mwisho. Kisha akatoka, akafunga mlango taratibu, akarudi kwenye cherehani. Hakuwa na mpango mkubwa. Alitaka tu Kiduchu aaibike mara moja, Jeki aone kwamba sikio hilo nalo huziba.

Gari likanyanyuliwa upande wa kulia. Gurudumu lilikataa kuzunguka, lakini hilo halikumshangaza mtu, maana ndiyo shida iliyolileta. Kiduchu akatoa tairi, akafungua kishikio cha pedi na kukitundika kwa waya, akafungua na skrubu ndogo inayoishika diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi. Ilibaki kuivuta tu. Akaivuta. Haikutikisika.

"Imegoma," alisema.

"Kutu," Jeki alisema.

Wakapulizia mafuta ya kulegeza kutu, wakasubiri. Kiduchu akagonga kwa nyundo ya mpira, halafu kwa nyundo ya chuma. Diski iling'ang'ania pale pale. Mkunga alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkoba mapajani.

"Mimi nimetoa watoto wengi waliokwama," alisema, "lakini hakuna hata mmoja niliyempiga nyundo."

Jeki hakucheka. Alimgeukia Kiduchu. "Handbreki uliachia?"

"Niliachia, kaka. Kwa mkono wangu huu."

"Haya." Akainama kuendelea na kazi.

Mama Viti alikuwa akichungulia dirishani. Alidhani mumewe angefungua mlango na kuangalia, na mambo yangeishia hapo kwa Kiduchu kuona haya kidogo. Lakini Jeki hakuangalia. Neno la yule mwanamke lilimtosha. Yeye, mkewe, akisema amefunga mlango wa nyumba, Jeki hurudi kuutikisa kitasa. Kama alikuwa na nia ya kusema, nia hiyo ikayeyuka. Waache wahangaike, alijisemea, si wanaaminiana?

Wakatafuta bolti mbili za kuingia kwenye matundu madogo ya diski, zile ambazo ukizikaza husukuma diski itoke. Jeki akakaza moja kidogo, kisha nyingine kidogo, kwa zamu. Diski ikalia kwa uchungu, haikuja. Akachukua nyundo kubwa.

"Kaka, taratibu," Kiduchu alisema. "Kuna kitu kinaishika kwa ndani. Sauti yake si ya kutu."

"Diski ni ya kutupwa hii. Hata ikivunjika."

Akapiga. Akapiga tena. Mara ya tatu ukingo wa diski ukapasuka, kipande cha chuma kikaruka, na Kiduchu akajishika uso. Damu ikapita kati ya vidole vyake na kudondoka kwenye ovaroli.

Mkunga alifika wa kwanza. Akamkalisha chini, akamwondoa mikono. Chuma kilikuwa kimemchana chini ya nyusi, upana wa punje ya mchele kutoka kwenye jicho. Jeki alisimama na nyundo yake mkononi.

Mama Viti alikuwa amekwisha toka chumbani bila kujijua. Alilitazama lile jicho likipepesa katikati ya damu. Akaenda mlangoni mwa gari, akaingiza mkono tu bila kupanda, akaishusha handbreki. Ilishuka kwa kishindo kilichosikika gereji nzima.

"Niliivuta mimi," alisema. "Alikuwa ameiachia. Mimi ndiye niliyeivuta."

Jeki akainama, akakaza bolti robo mzunguko, na diski ikatoka, ikaanguka sakafuni.

"Ulipitiwa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa inamwomba aseme ndiyo.

"Sikupitiwa."

Kiduchu akausogeza mkono wa mkunga. "Wifi, ningepofuka."

"Najua."

"Kwa lipi? Nimekukosea nini?"

Mama Viti alitafuta uongo wa kumwokoa, hakuupata. "Wivu," alisema.

"Wivu wa nani? Wa huyu?" Kiduchu alimnyooshea Jeki kidole chenye damu. "Huyu akilala chini ya gari anakoroma!"

Mkunga akakohoa ndani ya kitambaa chake. Mama Viti hakucheka.

"Si wa yeye peke yake," alisema, na sasa alikuwa anamtazama mumewe. "Tulipofungua gereji nilikuomba unifundishe. Ukaniambia mikono yangu itaharibika. Ukaninunulia cherehani. Halafu umemleta mwanamke mwingine, mikono yake myeusi mpaka kwenye kiwiko, na kila jioni unaniletea sifa zake mezani."

"Nilikuwa nakuhurumia," Jeki alisema.

"Nilikuomba kazi. Sikukuomba huruma."

Mkunga akabandika plasta na kumwonya Kiduchu asiinamishe kichwa, damu isije ikaanza upya. Lakini upande wa kushoto ulikuwa bado, diski hubadilishwa zote mbili, na mama wa mkunga alikuwa anangoja hospitali. Jeki akaushika tena mpini wa nyundo.

"Wewe weka chini," Kiduchu alimwambia. "Leo umekwisha vunja vya kutosha." Kisha akamgeukia Mama Viti, bila tabasamu. "Njoo umalize ulichokianza."

Hakuwa anamsamehe, alikuwa anamtuma. Mama Viti akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti kwenye saruji yenye mafuta. Akafanya alivyoambiwa na Kiduchu, ambaye sasa alikuwa amekaa kwenye ile ndoo: tairi, kishikio cha pedi, waya, skrubu. Skrubu ilimtoroka mara mbili na bisibisi ikamchubua kidole. Jeki alisogea kumsaidia.

"Mwache," Kiduchu alisema.

Upande huu kutu ilikuwa ya kweli. Mama Viti aliisugua kwa brashi ya waya kuzunguka kitovu cha gurudumu, akapulizia mafuta, akangoja.

"Piga kati ya misumari inayofungia tairi, usiipige yenyewe. Ukipiga mahali pamoja, izungushe, piga pengine. Usitumie hasira. Hasira ndiyo imenipasua mimi," Kiduchu alisema.

Akapiga, akazungusha, akapiga. Mkono ulimuuma mpaka begani, jasho likamwingia machoni. Kwa kitambo kirefu sauti ilikuwa moja, nzito, kama kugonga ukuta. Kisha ikabadilika, ikawa nyembamba, yenye mlio.

"Imeachia," alisema mwenyewe, kabla Kiduchu hajasema.

Akashika diski kwa mikono miwili, akaitikisa, ikamjia kifuani pamoja na vumbi jekundu. Aliketi nayo mapajani, nzito, bado ina joto la nyundo. Alimtazama Kiduchu. Kiduchu aliitikia kwa kichwa kidogo sana, kisha akageuza uso.

Mkunga aliondoka jua lingali juu, akiwa na diski mpya na kiti kile kile kilichochanika.

Kiduchu hakumsemesha Mama Viti zaidi ya salamu kwa muda mrefu, na Mama Viti hakudai zaidi. Kovu la nyusi lilipona vibaya. Jeki naye alimnyamazia mkewe kwa siku nyingi, si kwa hasira, ila kama mtu anayepanga maneno ambayo hakuzoea kuyapanga. Siku alipoyapata yalikuwa machache. Aliweka ovaroli mpya juu ya cherehani, akasema, "Asubuhi viti. Mchana utakuja kwetu, kama bado unataka."

Alitaka. Kiduchu alimfundisha kwa ukali, bila mzaha, na kazi mbovu aliirudisha ifunguliwe upya. Wivu haukuisha. Kuna siku Jeki alimpa Kiduchu spana kwa kumtazama tu, na Mama Viti, aliyekuwa amelala chini ya gari jirani, alihisi ule mfupa kooni. Lakini siku hizo hakuumeza.

"Baba nanihii," aliita kwa sauti, "na mimi nataka ya kumi na saba."

"Ya shingo ndefu au fupi?"

"Hilo nalo nikwambie?"

Jeki akasimama katikati ya magari mawili, akaitazama miguu ya mkewe iliyotokeza, akafikiri. Akamletea ndefu. Haikuwa yenyewe, alitaka fupi. Mama Viti akaipokea, akaitumia hivyo hivyo.