Saado na Mashine ya Ozoni

Mimi Gatwiri sibembelezi mtu aiamini mashine yangu. Inafanya kazi, basi. Iko ofisini hapa Galbet, mjini Garissa, bomba lake limetokeza dirishani, inavuta hewa mchana na usiku ikipima ozoni. Si ile ya juu angani inayotukinga na jua, bali hii ya huku chini inayotukohoza. Tunataka kujua inavyopanda kiangazi na kushuka mvua zikija.

Lakini kila Ijumaa namba zilikuwa zinaruka ghafla. Muriuki, mkubwa wangu Nairobi, akapiga simu: "Hiyo mashine ni mbovu. Ijumaa nakuja kuichukua."

Nikawaka! Akiondoka nayo kiangazi chote kimepotea, maana hewa ya Februari huwezi kuipima Mei.

Ijumaa ikafika, nikajibanza nyuma ya ukuta nione kuna nini pale dirishani. Nani akatokea? Mama Saado, jirani yetu muuza maziwa, chetezo mkononi kinafuka uunsi, ule udi wa Kisomali. Akakiinua hadi kwenye bomba.

"Mama Saado! Unafanya nini?"

"Abaayo, dada yangu, hii mgeni yako iko nanusa mbuzi wiki nzima," akajibu bila wasiwasi. "Ijumaa mgeni nafukizwa. Yeye tu ndiyo tumnyime?"

Nilitaka kufoka, nikaishia kucheka mpaka machozi. Nikampigia Muriuki kumweleza kuwa ni moshi wa udi unaoidanganya mashine. Alikuwa ameshavuka daraja la Tana, anaingia mjini.

"Udi? Gatwiri, usinitanie."

"Sawa, njoo." Nikamgeukia Mama Saado. "Tuna mgeni mwingine. Mpokee vizuri."

Muriuki alishuka garini na bisibisi, akaenda moja kwa moja dirishani kufungua bomba. Skrubu ya kwanza ilikuwa inalegea Mama Saado alipomfikia. "Karibu, mkubwa. Fukiza shati."

Angekataaje? Akasimama, moshi ukampanda hadi kwenye kola. Nikiwa ndani, nikamgeuzia skrini. Namba zikaruka. Chetezo kikaondolewa, zikashuka. Kikarudishwa, zikaruka tena.

Muriuki akanusa mkono wa shati lake.

"Haya, mbovu ni nani sasa?" nikamuuliza. "Nikupakie wewe garini?"

Muriuki akaikaza tena ile skrubu, akaomba chai.

Mama Saado akalitazama bomba kwa huruma. "Na huyu, abaayo?"

"Huyo mwache anuse mbuzi, Mama Saado. Ndicho kilichomleta Garissa."