Vyumba Tisa vya Bibi Mektrida

Swali la kumi na nne lilikuwa rahisi: nyumba ina vyumba vingapi?

"Tisa," alijibu Bibi Mektrida, akinionyesha kwa kidole jumba la ghorofa lililosimama katikati ya migomba na mibuni yake, huko Kibosho. "Kajenga mwanangu Denis. Yuko Dar."

Swali la kumi na tano: usiku wa jana watu walilala katika vyumba vingapi?

"Hakuna hata kimoja."

Nilikuwa karani wa utafiti wa kuangalia uchumi wa mkoa unavyokua, na kama watu nao wanaishi vizuri. Kazi ya wiki mbili, niliyoipata kwa cheti cha masomo ya jioni, mwanangu Hafidhi nikiwa nimembeba mgongoni kila mlima. Nilikuwa nimeahidiwa hivi: fomu zote thelathini zikifika ofisini kabla ya saa kumi, napewa mkataba wa mwaka. Hii ilikuwa ya thelathini. Saa tisa na nusu ilishapita.

Nikaandika sifuri. Kishikwambi kikaniwekea alama nyekundu.

"Kwani unalala wapi, bibi?"

"Jikoni." Jiko la zamani la mbao, kule nyuma: ng'ombe upande mmoja, kitanda chake upande wa pili. "Kwenye marumaru ya Denis nilijaribu siku mbili. Ya kwanza niliteleza. Ya pili nilikaa macho, nyumba kimya kama kanisa Jumatatu."

Nikaenda kwenye swali la mwisho. Kuanzia moja hadi kumi, umeridhika na maisha kiasi gani?

"Andika saba. Desemba wanangu na wajukuu wakija wote, kumi. Januari nne, maana wananiachia vyumba tisa vya kufagia."

Nikabonyeza kutuma. Kikagoma: rudi swali la kumi na tano. Nikampigia msimamizi wangu, Hilda, nikaweka spika.

"Rukaiya, hilo ni kosa. Mwenye vyumba tisa atalalaje sifuri? Weka moja, utume."

Mkataba wa mwaka mzima! Kidole kikasogea chenyewe kwenye moja.

"Hiyo moja ni chumba kipi?" Bibi akaniuliza. "Nionyeshe nilikolala, nikatandike."

Kidole kikarudi. Bibi akainamia simu.

"We mwanangu, shikamoo unaijua?"

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Rombo."

"Mama yako umemjengea?"

"Ndiyo, bibi. Vyumba sita, na geti!"

"Hongera. Jana kalala kipi?"

Hilda akakohoa.

"Jikoni," akasema Hilda, polepole.

Bibi Mektrida alicheka mpaka ng'ombe akageuka kumtazama. Nikacheka, Hilda naye akashindwa kujizuia, na Hafidhi akatucheka sote.

"Rukaiya, iache sifuri yako. Naifungua kutoka huku." Alama ikawa ya kijani, fomu ikaondoka, saa kumi kasoro dakika nne. "Jumatatu uje usaini." Halafu, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe: "Bibi, mama yangu naye analalamika sakafu inateleza. Nimpelekee zulia?"

"Zulia la nini? Nenda wewe," akasema Bibi Mektrida. "Na ubebe sukari."