Hesabu ya Watoto wa Lesiamon

Fomu ilikuwa na maswali ishirini na sita, na Lesiamon alijibu ishirini na matano.

"Umewahi kufundisha mieleka wanafunzi wangapi?" nilimsomea tena lile lililobaki. Mimi ndiye Penina wa steshenari hapa Karatu. Kazi yangu ni kuchapa barua za watu, na sina subira na mtu anayeacha nafasi wazi.

"Hilo liache, dada Penina."

"Niliache? Chuo cha Uturuki kinatafuta kocha atakayesomea na uzamili hapo hapo, halafu wewe uonekane hujui wanafunzi wako?"

"Nawajua wote. Siwahesabu."

Nikakumbuka kwamba ni Mmasai wa Endulen, na kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, wala watoto. Ukiwahesabu unaita balaa. Lakini huyu ni mwalimu mwenye shahada, bingwa wa taifa mara nne! Goti lake la kushoto lilishakwisha, ulingoni harudi tena, na nafasi nyingine ya namna hii asingeipata. Hasira zikanipanda. Alipotoka kununua maji, nikaandika arobaini ya kubahatisha, nikaituma fomu.

Wiki mbili baadaye profesa wa kile chuo akataka kumhoji kwa kompyuta. Nilikaa pembeni kumsaidia pale Kiingereza kitakapomgomea, kila mmoja wetu na kisikizi kimoja sikioni. Profesa alikuwa mzee mwenye masikio yaliyovimba ya watu waliokulia kwenye mieleka, na hakuzunguka mbuyu.

"Umeandika arobaini. Niambie kuhusu hao arobaini."

Lesiamon akanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Angeweza kusema ndiyo, yakaisha.

"Hiyo namba si yangu," alisema. "Na siwezi kukupa nyingine. Kwetu hatuhesabu watoto."

"Kamati haitapitisha fomu isiyo na namba."

"Naelewa. Lakini naweza kukueleza walivyo."

Akaanza. Moloimet, anayefumba macho kabla ya kurusha. Neema, aliyezoea kuangusha ndama siku za chanjo, kwa hiyo hukimbilia shingo na kusahau miguu. Sairowua, mvivu mpaka aangushwe mara ya kwanza. Vedasto, ambaye baba yake alileta majani ya ngano kutoka Mbulumbulu wakajaza magunia ya kuangukia. Kila mtoto na jina lake, udhaifu wake, na dawa aliyomtafutia. Hakushika karatasi. Aliwapitisha mmoja mmoja kama mchungaji anayesimama mlangoni mwa zizi, akijua nani ameingia na nani bado. Saa nzima ilikwisha. Wateja wa fotokopi walikuja, nikawafukuza kwa mkono.

Alipomaliza, profesa aliinua kalamu. "Nimeweka alama kwa kila jina. Nikiitaja mimi hiyo namba, kuna ubaya?"

"Mdomo ni wako. Mimi nisisikie tu."

Lesiamon akachomoa kisikizi chake, akanipa mimi, akatoka nje akaipa mgongo steshenari.

Sitini na saba. Profesa akaniambia kwamba makocha wanaozijua medali zao anao wengi, ila hajapata bado anayejua ni mtoto gani hufumba macho. Kamati ataikabili mwenyewe. Nafasi ni ya Lesiamon, aanze kufunga mizigo.

Nikamfuata nje. "Umepata," nilimwambia.

Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. Furaha yake niliiona, na ilinitia aibu zaidi.

"Ile uliyoandika wewe," akauliza, "ilizidi au ilipungua?"

"Ilipungua. Niliwaacha wengi nje."

"Basi kesho uje mazoezini, uwaombe radhi."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Kesho yake nilifunga steshenari saa tisa, nikaenda uwanjani, na nikawaomba radhi mmoja mmoja, kwa majina.