Mtu Aliyeshuka Mlimani

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo kwamba Arnold, mwana wa Jerusha, mwanafunzi wa bweni na bingwa wa mizaha, hakuzaliwa na woga. Wakati tangazo hili linatolewa, alikuwa ameng'ang'ania kitasa cha mlango, akimlilia mamake.

Agosti ya 2014 alikuwa amekuja Doha likizo, kwa mamake aliyepika katika jumba moja la Al Rayyan. Wenye nyumba walikuwa wamesafiri. Sebuleni palitundikwa mchoro mkubwa uliochorwa na Mnorwe wa zamani: mlima mweusi, mawingu yenye ghadhabu, misonobari iliyovunjika, maporomoko yakitumbukia gizani, na kibanda kimoja cha mbao. Mtu hamna.

Arnold aliona hiyo ni kasoro. Akakata mtu wa karatasi nyeusi, mdogo kama punje ya mchele, akambandika kwa bazoka aliyoitafuna kwenye kioo cha mchoro, mlangoni pa kibanda. Kila siku akamteremsha kidogo.

Mlinzi Nassoro, mtu wa Unguja, alimwona yule mtu akishuka, na chakula kikamshinda. Nassoro haingii chumba, hata kitupu, bila kubisha hodi. "Nyumba haikosi wenyewe," husema.

Ijumaa mchana akasimama mlangoni pa sebule. "Hodi!"

"Karibuuu," likajibu pazia kwa sauti nzito.

Kisha ufunguo ukazunguka kwenye kufuli, na kiyoyozi, ambacho swichi yake iko koridoni, kikakata roho.

"Mama Arnold! Nimelifungia!" Nassoro alipiga kelele koridoni. "Jini la nchi ya barafu dawa yake joto. Liache liyeyuke!"

Nyuma ya pazia Arnold alicheka. Hakucheka sana. Jua lilianza kukipika chumba. Hewa ikawa nzito kama blanketi lililolowa, na madirisha yalikuwa ya kutofunguka. Alipoutazama mchoro, yule mtu hakuwa alipomwacha. Alikuwa amefika chini ya maporomoko. Akateleza tena, polepole, kichwa chini miguu juu, akija.

Akili ilimwambia ni bazoka inayeyuka. Miguu haikungoja ushauri.

"Hodi!" akagonga mlango. "Hodi jameni!"

"Umesikia?" Nassoro alinong'ona upande wa pili. "Hodi hubishwa na aliye nje. Hili labisha toka ndani! Usiliitikie!"

"Mzee Nassoro, ni mimi Arnold! Nakufa!"

"Audhubillahi! Na jina la mwanao lalijua!"

Arnold alisikia hatua zikirudi nyuma. Wanaondoka. Akang'ang'ania kitasa, akamlilia mamake.

"Hebu ngoja, Mzee," mamake alisema. "Jini la Ulaya limejifunzia wapi hodi na karibu?"

Hatua zikasimama.

"Arnold," mamake akaita, kwa ile sauti ya siku za kuitwa na mwalimu mkuu.

"Ni mimi," Arnold akalia. "Mtu ni karatasi, pazia ni mimi. Nilimwona Mzee akiacha sahani yake na dua midomoni, nami nikaenda chooni kucheka. Nisamehe, Mzee. Usifungue kwa ajili yangu kama hutaki. Lakini fungua!"