Ndoo ya Kwenye Kompyuta

Wiki tatu Dorotea alimwacha mwanawe Eliya kwa jirani pale Igogo, akaenda darasa la jioni la kompyuta kuandika barua ya kuomba kazi. Jana ilipokamilika, aliivuta hadi kwenye picha ya ndoo pale kwenye skrini. Kwake ndoo ndiyo kabati: unga, dagaa, hata cheti cha mtoto hukaa humo, panya wasifike.

Leo, siku ya mwisho ya maombi, ndoo ilikuwa tupu.

"Mwalimu, barua yangu sijaikuta kwenye ndoo."

Mwalimu Nurudin akashusha pumzi. "Mama Eliya, ile ni ya takataka. Nimeshaimwaga."

"Ningejuaje?"

"Imeandikwa chini yake. Kwa Kiingereza."

Zilibaki dakika ishirini kabla darasa halijafungwa. Dorotea akaanza upya, kwa kidole kimoja, akijua hazitatosha.