Siku Dada Hester Alipotazama Juu

Dada yangu Hester alikuwa akiiita ile ndege mke mwenza wake. Kwa miaka kumi na kitu, kila Jumamosi asubuhi, shemeji Wilfred alimwachia chai nusu kikombe mezani na kwenda zake kwenye banda la uwanja wa zamani wa ndege za vita, huku kwetu kwenye tambarare za Cambridgeshire, Uingereza. Yeye na wastaafu wenzake walikuwa wakiifufua Hurricane, ndege ya kivita iliyopigana juu ya vichwa vyetu tulipokuwa watoto, ambayo mabaki yake yalikutwa yamezama kwenye tope la shamba. Dada hakuwahi kutia mguu bandani. Kwenye maonyesho ya ndege ya kila kiangazi alikuja, maana mimi ndiye niliyewaendesha, lakini alibaki garini akisikiliza redio, vioo amevipandisha.

Mwaka ndege ile ilipokamilika, macho ya Wilfred nayo yalikuwa yamekwisha. Yalianza kufifia katikati, akawa anaona kingo za vitu tu, kisha hata kingo zikaondoka. Hakulalamika. Lakini siku ile ya maonyesho, nilipokwisha kuegesha gari kwenye nyasi, hakushuka.

"Hester," alisema, "leo njoo uniangalizie."

"Ambrose, mwenzako wa bandani, si yupo?"

"Ambrose atanitajia mwendo kasi na uzito wa injini. Nataka mtu wa kuniambia anachokiona."

Dada akanitazama kana kwamba mtego ule nimeutega mimi. "Mimi sijui hata mbele yake ni wapi."

"Panapozunguka panga, bibie."

Akazima redio.

Tuliketi kwenye viti vya kukunja karibu na kamba ya kuzuia watazamaji. Hapakuwa na upepo. Ukungu wa joto ulikuwa umetanda, na anga limekuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nyasi zilizokatwa zilinukia. Watu walikuwa wengi, lakini walisema kwa sauti za chini, kama walio karibu na kitanda cha mtoto mchanga.

Injini ikakohoa, ikatema moshi, kisha ikatulia kwenye ngurumo moja nene niliyoisikia kifuani kabla ya masikioni. Wilfred akainamisha kichwa.

"Inafanya nini?"

"Inatembea kama bata," Dada alisema. "Tena ina kibiongo. Hukuniambia ina kibiongo."

"Ndivyo zilivyo. Endelea."

"Sasa inakimbia. Mkia umeinuka. Bado inakimbia. Basi, imeacha ardhi." Nilipomgeukia, mkono wake ulikuwa shingoni. "Wilfred, imekunja miguu."

Ikatupitia juu. Kivuli chake kiliteleza juu ya nyasi, juu ya kofia za watu, juu ya magoti yetu, kikaenda. Dada alimsimulia mumewe yote kwa maneno yake mwenyewe: tumbo lina rangi ya yai la bata, mabawa ni manene kama mikate, na inapogeuka unadhani inajinyoosha kutoka usingizini. Wilfred alikuwa akitikisa kichwa taratibu, anakubali kila neno.

Kisha ikapanda. Ikapanda mpaka ukungu ukaimeza. Ngurumo ikafifia ikabaki kama nyuki aliye chumba cha pili, halafu sikuisikia tena. Nilingoja Dada aseme imepotea. Hakusema. Alimtazama mumewe, aliyekuwa ameuelekeza uso mbinguni kama mtu anayenyeshewa manyunyu, akaendelea.

"Inageuka sasa," alisema polepole. "Iko juu ya mto. Jua limeipata ubavuni. Inashuka bila haraka, kama jani. Mle ndani yumo kijana, amegeuza shingo anatutazama."

"Kijana gani?"

"Ana nywele zako zile. Nyekundu kama karoti."

"Zangu zilikuwa kahawia."

"Anayeona ni nani, mimi au wewe?"

"Haya, wewe."

"Basi ni nyekundu. Na anacheka. Anapita juu ya mierebi, chini kabisa, mpaka majani yanageuka upande mweupe. Sasa anapanda tena."

Niliutazama ule weupe mtupu, na nakuambia kweli, nikaanza kumtafuta kijana yule. Mwanamume aliyeketi mbele yetu naye alikuwa ameshusha darubini yake, anamsikiliza Dada.

Ngurumo ikarudi kutoka nyuma yetu, upande tusioutazamia.

"Sasa imerudi ya kweli," Wilfred alisema.

Dada akageuka. "Ulijua?"

"Injini ilikwenda zake mashariki kitambo."

"Mbona hukuninyamazisha?"

"Ya kwako ilikuwa inaruka vizuri zaidi."

Dada akamchapa kofi dogo gotini, na mkono ukabaki palepale mpaka ndege ilipotua.

Jioni watu walipopungua, wenzake Wilfred walishusha kamba wakatupeleka hadi ilipoegeshwa. Rubani alikuwa ameshuka, baba mzima mwenye upara, anakunywa chai. Dada akamwamkia kwa heshima, ingawa nilimwona akijizuia kucheka. Kisha akaweka kiganja kwenye ubavu wa ndege, akakirudisha, akakiweka tena.

"Kumbe ni kitambaa."

"Mbele ni bati. Huku nyuma ni kitani, kimepakwa rangi," Wilfred alisema.

Vidole vya Dada vikaukuta mstari wa mshono chini ya rangi, vikaufuata. Mama yetu alimfundisha kushona kabla hajajua kusoma. "Nani alishona?"

"Upande huu, mimi."

"Wewe? Miaka yote hii nakushonea vifungo vya shati, kumbe unaweza?"

"Nilijifunza kwako. Jioni ulipokuwa unashona, ulidhani nasoma gazeti."

Dada alikuwa ameinama, shavu karibu liguse ile ndege. "Hapa uliharakisha," alisema, sauti imebadilika. "Lakini hapa pametulia. Hapa ni pazuri sana, mzee."

Akaendelea kupapasa kuelekea mkiani, mshono baada ya mshono, Wilfred akimfuata huku ameshika nyuma ya sweta yake, na hakuna kati yao aliyenikumbuka mimi na funguo za gari.